UCHAMBUZI: Ramani ya ardhi yageuka kikwazo kwa wauza bunduki

TANGU 1994, anayeomba leseni ya kuuza bunduki Marekani hulazimika pia kutii kanuni za ardhi za eneo lake. Maelfu waliouzia nyumbani waliacha biashara hiyo.

Katika Kaunti ya Alameda, California, duka lilitakiwa kuwa futi 500 kutoka makazi, shule, na hata mahali panapouzwa pombe. Walionyimwa kibali walilalamika kwamba hapakusalia ploti hata moja. Mnamo 2017 mahakama ya rufaa iliwakatalia: muuzaji hana haki yake mwenyewe ya kikatiba ya kuuza silaha, na wakazi walikuwa na maduka mengine.

Sababu hiyo ya pili ndiyo nzito. Chicago, iliyopiga marufuku maduka yote mjini, ilishindwa mahakamani Januari 2014.