Hewa ya kaboni ni yao, mtaro ni wetu

Mwaka jana nilialikwa kwenye kongamano la vijana kuhusu tabianchi, katika hoteli moja hapa katikati ya jiji. Unayajua haya makongamano: fulana ya bure, kalamu, kijitabu, na pilau ya saa saba ambayo, tuseme ukweli, ndiyo iliyotuleta wengi. Baada ya chai ya saa nne mwezeshaji akatuambia tutoe simu, tuingie kwenye tovuti fulani, kila mmoja apige hesabu ya hewa ya kaboni anayotoa kwa mwaka.

Kando yangu alikuwa ameketi kijana wa Mathare anayeuza sweta za mitumba Gikomba. Swali la kwanza: unapanda ndege mara ngapi kwa mwaka? La pili: nyumbani kwenu kuna magari mangapi? La tatu: mnatumia nini kupasha nyumba joto wakati wa baridi? Jamaa akanigeukia. "Blanketi iko kwa hii orodha?" Tulicheka hadi mwezeshaji akatukazia macho. Lakini mwishowe simu ilimpa ushauri hivyo hivyo: apunguze nyama ya ng'ombe na safari za angani. Huyu ni mtu ambaye nyama ya ng'ombe anaila Krismasi, tena akialikwa.

Nakuandikia wewe ambaye umewahi kutoka kwenye kikao kama hicho ukijihisi mwenye hatia, na pia wewe uliyetoka ukisema hii kitu haituhusu. Naona nyote wawili mmekosea.

Huu mtindo wa kumpimia kila mtu kaboni yake binafsi ulisambazwa sana duniani na matangazo ya kampuni ya mafuta ya BP miaka ya 2000. Mwaka 2004 kampuni hiyo iliweka mtandaoni kikokotoo chake ili wewe na mimi tujue tunachafua hewa kiasi gani. Hebu fikiria. Anayechimba mafuta na kukuuzia ndiye anayekuuliza umechoma lita ngapi. Ni kama muuza chang'aa asimame mlangoni pa kanisa akihesabu walevi.

Basi tuifanye hesabu wenyewe, maana tunaimbiwa "kaboni, kaboni" na wengi wetu hatujawahi kuelezwa ni kitu gani. Chukua lita moja ya petroli, ile unayoona ikiwekwa kwa nduthi. Uzito wake ni karibu robo tatu ya kilo. Ikiungua, inatoa takriban kilo 2.3 za gesi ya kaboni dioksidi. Uzito umeongezeka vipi? Kaboni iliyo ndani ya mafuta inashikana na oksijeni iliyo hewani, kwa hivyo kinachotoka nyuma kwa ekzosi ni kizito kuliko kilichoingia kwa tangi. Hukioni na hukinusi. Ule moshi mweusi wa matatu kuukuu unaokukohoza pale Globe ni masizi, nayo ni balaa nyingine.

Gesi hii hufanya juu angani kazi ile ile ambayo blanketi ya jamaa yangu hufanya usiku: hairuhusu joto litoroke. Msomi mmoja wa Uswidi, Svante Arrhenius, alipiga hesabu hiyo kwa kalamu na karatasi mwaka 1896, kabla reli haijafika hapa Nairobi, kwa hivyo asikuambie mtu ati ni habari mpya. Kabla ya viwanda, katika kila sehemu milioni moja za hewa kulikuwa na sehemu kama 280 za kaboni dioksidi. Leo zimepita 420. Mjomba akileta zile hadithi zake kwa WhatsApp ya familia kwamba ni volkano, mwambie binadamu hutoa zaidi ya mara 50 ya gesi inayotolewa na volkano zote duniani kwa mwaka.

Tena gesi hii haina haraka ya kuondoka. Sehemu ya ile iliyotoka kwa viwanda na treni za makaa ya mawe za Uingereza enzi za Malkia Victoria ingali huko juu. Ndiyo maana kuuliza nani anatoa leo hakutoshi, lazima uulize nani ametoa tangu mwanzo. Marekani peke yake imetoa karibu robo ya kaboni dioksidi yote iliyotokana na kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi tangu enzi za viwanda zianze. Leo hii Mmarekani wa kawaida hutoa kama tani 14 kwa mwaka. Mkenya? Hafiki hata nusu tani. Afrika nzima ina karibu asilimia 18 ya watu wa dunia na inatoa kama asilimia 4 tu.

Kwa hivyo acha kujiona mwenye dhambi kwa sababu ya jiko lako la makaa. (Jiko lina shida zake, uliza mapafu ya mama yako, lakini hilo ni somo la siku nyingine.)

Najua hapo unapiga makofi. Ngoja kwanza.

Yule jamaa wa sweta alinisimulia mambo mengine tukila pilau. Usiku mmoja wa Aprili 2024 aliamka maji yakiwa yamefika godoro. Kufikia wakati alipopata viatu yalikuwa kiunoni. Alimbeba mtoto wa jirani, akashika simu kwa meno, akatoka. Belo nzima ya sweta aliyoichukua kwa mkopo ilienda na mto. Mvua hizo za Machi hadi Mei ziliua karibu watu 300 nchini, wakiwemo wale wa Mai Mahiu waliosombwa usiku wakiwa wamelala.

Viongozi walisema nini? Mabadiliko ya tabianchi. Kila kipaza sauti, tabianchi, tabianchi. Na si uongo. Hewa ikiongezeka joto kwa digrii 1 hubeba unyevu zaidi kwa kama asilimia 7, na unyevu huo lazima uanguke mahali. Lakini kuna kikundi cha wanasayansi kinachoitwa World Weather Attribution, ambacho kazi yake ni kuchunguza tukio moja moja na kupima mkono wa binadamu ulichangia kiasi gani. Mvua za Oktoba hadi Desemba 2023, zile za El Nino, walisema ongezeko la joto lilizifanya kuwa nzito hadi mara mbili zaidi. Ule ukame wa kuanzia 2020 uliomaliza mifugo kaskazini, walisema ulifanywa kuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kutokea, kama mara 100. Hizo ni shutuma nzito kwa nchi tajiri, na ningezibeba kwa bango hadi ubalozini.

Walipofika kwa mvua za Machi hadi Mei 2024, zilizomtoa jamaa yangu kitandani, wakapata kama asilimia 5 tu, tena wakakiri hesabu yenyewe ina shaka. Kilichogeuza mvua hiyo kuwa maafa, wakasema, kwa sehemu kubwa ni jinsi miji yetu ilivyokua haraka bila mpango, maskini wakisukumwa hadi ukingoni mwa mito.

Soma hapo tena. Asilimia 5.

Jamaa aliniambia mtaro wa ploti yao ulikuwa ukipeleka maji mtoni tangu akiwa mtoto. Kisha likaja jengo la orofa saba, ukuta wake ukakalia mtaro. Watu walilalamika kwa keateka, keateka akawaambia waongee na mwenye jengo, mwenye jengo hajulikani ni nani. Sasa niambie, ukuta huo ulijengwa na Wamarekani? Baada ya mafuriko tingatinga zilikuja kweli, zikabomoa mabati ya waliokuwa karibu na mto, wakaahidiwa Sh10,000 kwa kila familia. Jengo la orofa saba bado limesimama. Nimeenda kuliona.

Halafu Mei 10 tukapewa sikukuu. Unaikumbuka? Ijumaa ya kuomboleza waliokufa kwa mafuriko, na tukaambiwa tuiadhimishe kwa kupanda miti. Nilipanda, nisikudanganye, na picha niliweka. Mti hauna kosa lolote. Ila nilipokuwa nikishindilia ule udongo niliwaza: watu wamekufa kwa sababu maji yalikosa njia, na sisi tumepewa miche. Hakuna aliyetupa koleo tuzibue mtaro hata mmoja. Mti ni rahisi kwa kiongozi kwa sababu haumdai kitu. Mtaro unauliza nani alitia sahihi ramani ya jengo.

Hata huo mti wenyewe tuupime vizuri. Kule Gazi, Kwale, kuna mradi wa Mikoko Pamoja, ambapo wanakijiji wamekuwa wakilinda mikoko na kuuza vyeti vya kaboni tangu 2013, na nadhani ni mojawapo ya mambo mazuri tuliyofanya nchini. Pesa zimeleta maji na vitabu vya shule bila kumpitia bwanyenye wa kati. Mradi huo huuza kama tani 3,000 kwa mwaka. Gawanya kwa zile tani 14. Jasho la vijiji hivyo kwa mwaka mzima linafuta kaboni ya Wamarekani kama 200, yaani abiria wa ndege moja kubwa. Kwa hivyo mtu akikuambia Afrika itaiokoa dunia kwa kupanda miti huku wao wakiendelea kuchoma, muulize hesabu alisomea wapi.

Kuna marafiki zangu wamekwenda upande mwingine kabisa. Kama kaboni yetu ni kidogo hivyo, wanasema, basi na sisi tuchome, tujenge viwanda, wao si walifanya hivyo? Ni hoja yenye uzito na siwezi kuicheka. Lakini angalia Lamu. Ulipangwa mtambo wa stima ya makaa ya mawe wa megawati 1,050, wakati nchi nzima saa ya kilele ilikuwa haitumii hata megawati 2,000. Makaa yenyewe yangeanza kwa kuletwa na meli kutoka Afrika Kusini. Wakazi walikwenda mahakamani, na mwezi Juni 2019 jopo la mazingira likafuta leseni, sababu moja ikiwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wavuvi wa Lamu walikuwa wakipigania bahari yao na riziki yao, nao hawakuhitaji kuona haya kwa niaba ya dunia. Na sisi tunaonunua tokeni tuliponea pia, kwa sababu stima isiyohitajika hulipiwa na mtumiaji. Tayari karibu asilimia 90 ya stima tunayozalisha inatoka kwa mvuke wa Olkaria, mabwawa, upepo wa Loiyangalani na jua. Kuna haja gani ya kununua ugonjwa wa mwenzako kwa mkopo?

Kwa maoni yangu tuna madeni mawili ya kudai, na vijana tumeacha kudai yote mawili tukijishughulisha kulipa la tatu ambalo si letu. La kwanza liko ng'ambo. Hazina ya kufidia hasara na uharibifu ilikubaliwa kule Misri mwaka 2022, na ahadi za kwanza zilizotolewa Dubai mwaka uliofuata hazikufika hata dola bilioni 1 kwa nchi zote maskini kwa pamoja. Hilo linahitaji wanadiplomasia, na sisi kuwapigia kelele.

Deni la pili liko kwa wadi yako. Makadirio ya bajeti ya kaunti lazima yafikishwe kwa bunge la kaunti kabla ya Mei, na kabla yapitishwe kuna vikao vya kuwauliza wananchi maoni. Nilikwenda kimoja mwaka huu. Ukumbi ulikuwa na wazee, kina mama wa chama, na vijana watano, wawili wakiwa wamelipwa kumshangilia diwani. Niliuliza pesa za mitaro ya wadi yetu ni ngapi na za mwaka uliopita zilienda wapi. Diwani alinijibu kwa dakika sita kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Mama mmoja nyuma akapaza sauti, "Kijana amekuuliza mtaro!" Ukumbi ukacheka, lakini diwani akalazimika kufungua ile karatasi na kusoma tarakimu. Zilikuwa ndogo kuliko za sherehe na ukarimu. Zimeandikwa kwa kumbukumbu za kikao sasa, na mwaka ujao nitaenda na nakala.

Jamaa wa sweta amehamia orofa ya pili, ng'ambo ya barabara. Kodi imepanda kwa elfu mbili na mkopo wa belo bado anaulipa. Dirisha lake linaangalia ile ploti ya zamani. Wiki jana mvua iliponyesha alinitumia video: maji yanakuja, yanafika kwa ukuta, yanasimama hapo, kisha yanaanza kupanda.