Miwani nyeusi pekee hailindi macho

Jijini Lubumbashi, lililo kwenye mwinuko wa karibu mita 1200, kiangazi huleta jua kali na vumbi. Manseba, yaani madereva wa teksi za pikipiki, hushinda juani kutwa nzima. Wana haki ya kuvaa miwani ya jua. Tatizo ni kwamba wanunuzi wengi huangalia jambo moja tu: weusi wa kioo.

Hapo ndipo penye hatari. Nyuma ya kioo cheusi, mboni ya jicho hutanuka. Kioo hicho kisipozuia miale ya urujuanimno, ambayo haionekani, jicho linaweza kupokea miale mingi zaidi. Miaka ikipita, miale hiyo huchangia ugonjwa wa mtoto wa jicho.

Mnunuzi atafute alama ya UV400 na kioo kipana kinachofunika hadi pembeni. Giza likiingia, dereva avue miwani hiyo. Lakini alama yoyote inaweza kughushiwa, na kwa macho matupu hakuna anayeweza kutambua kioo kinachokinga. Kipimo kinahitajika.

Kwa hiyo mzigo huu usiachiwe mnunuzi peke yake. OCC, ofisi ya serikali inayokagua ubora wa bidhaa, ipime pia miwani inayoingia kupitia Kasumbalesa. Nao wenye maduka ya miwani ya macho wakubali kupimia watu miwani waliyonunua barabarani. Manseba asiyeona vizuri hahatarishi maisha yake tu, bali na ya abiria aliyembeba.