Msikiti kufungwa si dini kufungwa

Familia mliokimbia vita na mliokuwa mkilala katika kambi za kandokando ya Goma: tarehe 14 Agosti 2024 OMS ilitangaza mpox kuwa dharura ya kimataifa, na ugonjwa huo tayari ulikuwa kwetu. Swali la 2020 limerudi: je, Muislamu anaweza kuzuiwa kuswali pamoja na wenzake?

Tukumbuke. Korona ilipoingia nchini, Machi 2020, Rais Tshisekedi alifunga makanisa na misikiti hadi Agosti. Ramadhani ikapita bila tarawehe msikitini, Idi zote mbili zikapita milango imefungwa. Wengi walisema: hii ni amri ya Serikali, dini haiijui.

Dini inaijua. Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba tauni ikiwa katika nchi, aliye nje asiingie, na aliye ndani asitoke kwa kuikimbia. Khalifa Umar alikuwa njiani kwenda Sham. Aliposikia kuna tauni huko, akarudi Madina. Hata mvua kubwa ikinyesha, muadhini aliruhusiwa kuwaambia watu waswali majumbani. Ndiyo maana mwaka 2020 maulamaa wa Al-Azhar huko Misri waliruhusu Ijumaa isimamishwe, na hija ya mwaka ule ikafanywa na watu wachache tu waliokuwa tayari ndani ya Saudia.

Basi kwa nini hapa kwetu watu walinung'unika? Kwa maoni yangu, ni kwa sababu amri ilitangulia maelezo. Watu walimwona polisi mlangoni kabla ya kumsikia imamu. Ebola ya Beni na Butembo ilikuwa imeshatuonya. Kuosha maiti ya Ebola ni hatari kubwa, na sheria inaruhusu maiti afanyiwe tayamamu badala ya kuoshwa. Lakini neno hilo likisemwa na mtu wa afya peke yake, familia inaona imenyang'anywa mtu wao. Likisemwa na sheikh wao, ni ibada.

Sasa mpox. Huu unaenea zaidi kwa ngozi kugusana na kwa nguo au matandiko ya mgonjwa. Kumwambia mtu wa kambini aswali "nyumbani", katika hema wanamolala watu saba, hakumkingi. Kwa hiyo mimi siombi misikiti ifungwe. Ninaomba hukumu zisemwe wazi: mwenye vipele na homa hana dhambi akikosa Ijumaa, na asivifiche chini ya kanzu ili asionekane mvivu wa swala. Kila mtu aje na mkeka wake. Salamu itolewe kwa mdomo, mkono ubaki kifuani. Tayamamu inatosha kwa swala pale maji yanapokosekana, lakini haiondoi ugonjwa mikononi. Kwa hiyo mashirika yanayosaidia kambi yalete bidoni za maji na sabuni pale tunapotawadhia.

Maimamu wetu, msingoje amri kutoka Kinshasa. Semeni Ijumaa hii, kwa Kiswahili, mbele ya wazee na akina mama. Anayeelewa sababu hahitaji polisi mlangoni.