Nuru Haina Kinga: Suala la Mtindo katika Upigaji Picha wa David Watkin

Dhana kwamba mtindo ni chapa ambayo msanii huigonga kwenye kila kazi yake imewapotosha wahakiki wengi wa filamu. Kwa kipimo hicho, mpigapicha Mwingereza David Watkin (1925–2008) huonekana fundi hodari tu, asiye na sauti yake: vichekesho vya Beatles katika Help! (1965), vita katika Catch-22 (1970), riadha katika Chariots of Fire (1981), mapenzi ya New York katika Moonstruck (1987). Hoja hiyo haina mashiko.

Kinachobadilika katika kazi hizo ni maudhui. Kanuni ya mwanga haibadiliki. Watkin alipendelea nuru iliyolainishwa kwa kuakisiwa au kuchujwa kuliko taa nyingi zinazomkabili mwigizaji moja kwa moja. Katika Marat/Sade (1967), ukumbi wa wendawazimu wa Charenton unaangazwa na ukuta mmoja unaopenyeza mwanga. Wagonjwa wanaposimama mbele yake hugeuka vivuli. Wakiuelekezea nyuso hurejea kuwa watu. Huo ni ufasiri wa tamthilia, si pambo lake.

Kosa hilo la kihakiki lina gharama karibu na nyumbani. Out of Africa (1985), filamu ya Sydney Pollack iliyopigwa nchini Kenya, ilimpatia Watkin tuzo ya Oscar. Wahakiki waliokerwa, na kwa haki, na mtazamo wa kikoloni wa Karen Blixen hukishambulia kitabu chake cha 1937 pamoja na mswada wa filamu, kisha huzisamehe picha kwa kuwa “zinapendeza”. Msamaha huo haustahiki. Nuru ile ya dhahabu, na garimoshi linalokatiza mbuga isiyoonyesha wenyewe, ndizo zinazomshawishi mtazamaji kwamba ardhi ilikuwa wazi, ikingoja mgeni aje kuipenda. Neno la mhusika hupingwa. Nuru hupokewa bila mjadala.

Kwa hiyo, anayemnyima Watkin mtindo humnyima sifa na papo hapo humwondolea lawama. Uhakiki unaoichukulia filamu kama riwaya iliyotiwa picha utaendelea kusoma nusu ya kazi. Mhakiki hana budi kuuliza mwanga unatoka wapi, unamwangukia nani, na unamwacha nani gizani.