Feri na Kariakoo: Kitoweo cha Jiji Kinaamuliwa Baharini, Si Mnadani

Na Mwandishi Wetu – MAELEZO, Dar es Salaam

Kabla Sultani Majid wa Zanzibar hajaanza kujenga mji wake katika miaka ya 1860, mahali lilipo Jiji la Dar es Salaam leo palikuwa na Mzizima, kijiji cha wavuvi na wakulima. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilionesha kuwa Mkoa wa Dar es Salaam una wakazi 5,383,728, kutoka 4,364,541 mwaka 2012. Walaji zaidi ya milioni moja wameongezeka katika kipindi cha miaka kumi, lakini samaki wa baharini wanaoliwa jijini bado huvuliwa kwa sehemu kubwa na wavuvi wadogo, karibu na pwani.

Kitovu cha biashara hiyo ni Soko la Kimataifa la Samaki, Magogoni, maarufu kama Feri, lililojengwa kwa msaada wa Serikali ya Japani kando ya lango la bandari. Kuanzia alfajiri, madalali hunadi nguru, changu, kolekole, vibua na pweza. Mnada mmoja hulisha ajira nyingi: wabebaji, waparuaji, wauza barafu, wakaangaji, mama lishe na wachuuzi wanaosambaza kitoweo mitaani.

Hata hivyo, bei ya Feri haipangwi na dalali peke yake. Wavuvi wa dagaa hutumia taa kuvutia samaki usiku, hivyo siku za mbalamwezi kali mapato yao hushuka. Upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu, ngalawa na mashua hubaki ufukweni. Samaki wakiadimika, bei hupanda, na mwenye kipato cha chini ndiye wa kwanza kuondoa samaki katika sahani yake.

Hapo ndipo umuhimu wa Kariakoo unapoonekana. Soko hilo, lililobuniwa na msanifu majengo Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 2021, na Serikali ikachukua hatua ya kulikarabati na kuliongezea jengo jipya. Katika eneo la Kariakoo, dagaa wakavu wa Mwanza na Kigoma huziba pengo la samaki wa baharini. Si ajabu, kwa kuwa sehemu kubwa ya samaki wanaovuliwa nchini hutoka katika maziwa, hasa Ziwa Victoria. Jiji la pwani linategemea kitoweo kinachosafirishwa zaidi ya kilomita elfu moja kutoka bara, ilhali Tanzania ina pwani yenye urefu wa kilomita 1,424 na ukanda wa uchumi wa bahari unaofikia maili 200 za baharini.

Katika maji hayo ya kina kirefu hupita jodari, lakini ngalawa ya Magogoni haiwezi kumfuata huko. Kwa miaka mingi nchi ilipata zaidi ada za leseni za meli za kigeni, huku ajira za kuchakata, kugandisha na kuhudumia meli zikibaki katika bandari za nje. Bandari ya Dar es Salaam, ambayo gati zake zimeboreshwa kuhudumia shehena za nchini na za majirani kama Zambia na Kongo, haikujengwa kwa kazi hiyo. Ndiyo maana Serikali ilianza ujenzi wa Bandari ya Uvuvi Kilwa Masoko, sambamba na kuwakopesha wavuvi boti za kisasa kwa masharti nafuu.

Boti kubwa pekee hazitoshi. Samaki wa karibu huzaliana katika matumbawe na mikoko, na uvuvi wa baruti uliacha majeraha makubwa kabla operesheni za vyombo vya dola hazijaupunguza. Hifadhi za visiwa vya Bongoyo na Mbudya, zilizotengwa mwaka 1975, zipo jirani kabisa na Jiji. Kuzilinda ni kulinda kapu la Feri.

Kwa hiyo, mafanikio ya uchumi wa buluu yapimwe kwa mambo matatu: mvuvi kufika mbali zaidi, samaki kufika sokoni akiwa na barafu, na mazalia kubaki salama. Soko zuri ni hatua muhimu, lakini haliwezi kuuza samaki ambaye bahari haikumtoa.