Msikiti wa Ross na Ardhi ya Dakota

Kila inapozungumzwa habari ya Uislamu katika Marekani, hakosi mtu wa kuutaja msikiti wa Ross, katika Dakota ya Kaskazini. Na ni haki kuutaja. Ulijengwa mwaka 1929 na wakulima wa Kisyria, na ni miongoni mwa misikiti ya kwanza kabisa kujengwa nchini humo. Walakini habari hiyo aghalabu husimuliwa nusu. Haiulizwi wakulima wale waliipataje ardhi, wala ilikuwa ya nani kabla yao.

Dakota ni nyika pana ya nyasi, mbali na bahari, na baridi yake huua. Januari 1888 tufani ya theluji iliwakumba watu ghafla, watoto wakiwa shuleni, na yakadiriwa waliokufa katika nyika zile walizidi 200. Mbao zilikuwa adimu, hata walowezi wakikata udongo pamoja na nyasi zake, mapande kama matofali, wakajengea kuta. Lililowavuta katika mashaka hayo ni sheria ya mwaka 1862. Mtu wa miaka 21, raia au aliyetangaza rasmi nia ya kuwa raia, alipewa ekari 160 kwa ada ndogo. Akikaa na kulima miaka mitano, hupata hati yake. Wakaja Wanorwe, wakaja Wajerumani waliokuwa wakikaa Urusi. Mwaka 1880 eneo zima la Dakota lilikuwa na watu kiasi cha 135,000. Miaka kumi baadaye walizidi nusu milioni.

Watu hao walichoka kutawaliwa na gavana aliyeteuliwa Washington, wakadai jimbo. Chama cha Republican kikataka majimbo mawili, kwani kila jimbo hupata maseneta wawili. Novemba 2, 1889, Rais Benjamin Harrison alizitia sahihi hati zote mbili, zikiwa zimefunikwa na kuchanganywa, asijue mtu ipi ilitangulia. Kisa hiki hupendwa sana na wasimulizi. Sisi tungependa wautazame pia mwaka wenyewe.

Maana ni mwaka huo huo, mwezi Machi, Kongresi ilipopitisha sheria ya kuivunja nchi ya Walakota. Mkataba wa Fort Laramie wa 1868 uliwaachia nchi yote ya Dakota ya Kusini ya leo iliyo magharibi ya mto Missouri, na ukaweka sharti kwamba haitatolewa hata sehemu yake bila sahihi za robo tatu ya wanaume wazima. Mwaka 1874 ikaonekana dhahabu katika Black Hills, milima mitukufu kwao. Kufikia 1877 milima imekwisha chukuliwa, kwa sahihi za kiasi cha mtu mmoja katika kila kumi. Sheria ya 1889 ikaikata nchi iliyobaki mapande sita, na ekari zipatazo milioni 9 zikafunguliwa kwa walowezi. Desemba ya mwaka uliofuata, wanajeshi waliua Walakota wasiopungua 150 pale Wounded Knee, wanawake na watoto wakiwamo.

Wasyria wa Ross waliingia mwanzoni mwa karne ya 20, wakapata mashamba kwa sheria ile ile ya 1862. Hawakumnyang'anya mtu kwa mikono yao. Walikuwa maskini, waliosali majumbani miaka mingi kabla ya kumudu kujenga. Nao pia waliteswa na makaratasi: mhamiaji hakupewa uraia ila awe mweupe au mwenye asili ya Kiafrika, na Wasyria wakabishiwa weupe wao mpaka mahakama ya rufaa ilipowakubalia mwaka 1915. Mlakota je, mwenye nchi? Sheria ya kuwafanya wenyeji wote raia ilikuja 1924, miaka tisa baadaye. Msikiti wenyewe ulibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1970, ukajengwa mwingine mdogo mwaka 2005, karibu na makaburi ya wazee hao.

Mwaka 1980 mahakama ya juu kabisa ya Marekani iliamua kwamba Black Hills ilichukuliwa pasipo malipo ya haki, na Walakota walipwe dola zipatazo milioni 106. Wakazikataa. Wataka milima. Wako wanaowaona wajinga kwa hilo, ila aliyepita chuoni akausoma mlango wa ghasbi katika fiqhi hatawashangaa: kilichoporwa kikiwapo hurudishwa chenyewe, na thamani hulipwa kikiwa kimepotea. Fedha zile zimekaa katika hazina ya Washington zikizaa riba, zimepita dola bilioni 1, nao hawajazigusa.