Volti Hizo ni za Nani?

Kabla hujaanza maswali ya sura hii ya umeme, nina ombi moja kwako. Ile pembetatu ya V, I na R unayoichora pembeni mwa karatasi ya mtihani, iache. Najua inapendwa, na wako walimu wenzangu wanaoitetea: unafunika kwa kidole unachokitafuta, kinachobaki ndiyo kanuni. Kwa betri moja na kipande kimoja cha waya inatosha. Lakini pembetatu inakuuliza unatafuta nini tu. Haikuulizi volti hizo ni za nani, na hapo ndipo alama nyingi zinapopotea.

Tuchukue mfano wa nyumbani. Hapa Endamarariek, kama kwingine kote Tanzania, soketi hutoa volti 230. Tuseme una birika la umeme lililoandikwa wati 2300. Mkondo wake ni nguvu gawanya kwa volti, 2300 ÷ 230, yaani ampea 10. Ukinzani wake ni volti gawanya kwa mkondo, 230 ÷ 10, yaani omu 23. Mpaka hapo darasa zima linapata.

Sasa ndani ya plagi ya birika hilo kuna skrubu iliyolegea. Waya haugusi vizuri, na mguso huo mbovu una ukinzani wa omu 1. Je, nguvu kiasi gani inageuka joto pale kwenye plagi? Aliyekariri anaona omu 1, anaona volti 230, anachukua P = V²/R na kuandika wati 52,900. Anapiga mistari miwili chini ya jibu na kwenda swali linalofuata. Wati 52,900 ni mabirika 23 yanayochemka kwa wakati mmoja, ndani ya kitu unachoweza kukifumbata kiganjani!

Kugawanya kwake ni sahihi. Alichokosea ni kumpa mguso volti ambazo si zake. Volti 230 ni za saketi nzima, birika na mguso kwa pamoja. Sheria aliyoichapisha Georg Ohm mwaka 1827 inahusu kipande fulani cha saketi na volti zilizopo kati ya ncha mbili za kipande hicho hicho. Birika na mguso vimefuatana kwenye njia moja, kwa hiyo kinachofanana kwao ni mkondo. Ukinzani wa jumla ni omu 24. Mkondo ni 230 ÷ 24, karibu ampea 9.58. Nguvu kwenye mguso ni I²R, yaani 9.58 × 9.58 × 1, karibu wati 92. Volti za mguso ni 9.58 tu, karibu 220 zimebaki kwa birika. Ukitaka kutumia V²/R, tumia volti hizo 9.58, na wati zitakuwa 92 zile zile.

Wati 92 zinatosha kuyeyusha plagi. Joto lote limekusanyika kwenye mguso mdogo uliozungukwa na plastiki. Na angalia tena mkondo: ulikuwa ampea 10, sasa ni 9.58. Umepungua. Fyuzi hukata mkondo unapozidi, kwa hiyo hapa haina sababu ya kukata. Nyumba inaweza kushika moto huku fyuzi ikiwa nzima. Ukisikia harufu ya plastiki inayoungua, zima swichi kwanza, kisha mwite fundi.

Kuna ubishi mwingine unaozuka kila mwaka: ukinzani ukiwa mkubwa, joto huongezeka au hupungua? Jibu langu ni kwamba swali hilo halijakamilika. Vifaa viwili vikichomekwa kila kimoja kwenye soketi yake, volti ndizo zinazolingana, na mwenye ukinzani mdogo ndiye mwenye nguvu zaidi. Vikifuatana kwenye njia moja, mkondo ndio unaolingana, na mambo yanageuka.

Hata nyaya za TANESCO zinazokuja vijijini kwa msongo wa volti 33,000 zinafuata hesabu hiyo. Kwa nguvu ile ile, volti zikiwa kubwa mkondo huwa mdogo, na upotevu ndani ya waya ni I²R. Mwenye sola ya volti 12 anaijua hasara hiyo bila hesabu: akivuta waya mwembamba mpaka banda la ng'ombe, taa inafifia.

Mtihani utakuja kwa Kiingereza, lakini swali la volti ni za nani unaweza kujiuliza kwa Kiswahili au kwa Kiiraqw, hakuna msimamizi atakayekukataza. Andika jibu lake pembeni, pale ulipozoea kuchora pembetatu.

Jaribu hili kabla ya kufungua ukurasa wa majibu. Balbu mbili za zamani, moja ya wati 60 na nyingine ya wati 100, zote za volti 230, zimeunganishwa kwa kufuatana kwenye volti 230. Ipi itawaka zaidi? Ukijibu ya wati 100 bila kukokotoa ukinzani wa kila moja, rudi kwenye plagi.